Rozi ya Naivasha Inaingia Ulaya Bila Noma, Rubani wa Kanairo Anaulizwa "Unaishi Wapi?"

Kama umewahi kupita Embakasi ukaona ndege kubwa ya Boeing 747 imeandikwa Cargolux ikishuka JKIA, jua hiyo haijakuja kuchukua watalii. Inabeba mizigo, na safari ya kurudi Ulaya mzigo mkubwa huwa ni maua. Rozi zinakatwa Naivasha, zinawekwa kwa baridi, na siku chache baadaye mtu wa huko majuu anampelekea bibi yake.

Hiyo rozi haina stori nyingi mpakani. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024, na bidhaa zetu zinaingia kwao bila ushuru.

Sasa cheki upande ule mwingine. Kuna msee wa Umoja, leseni ya KCAA iko mfukoni, masaa ya kuruka anayo, na anataka kuendesha hiyo ndege iliyobeba rozi. Anafungua fomu ya kazi. Kabla hata aulizwe kama anajua kutua kwa mvua, anaulizwa: je, una haki ya kuishi na kufanya kazi Umoja wa Ulaya bila masharti? Akijibu hapana, imeisha hapo. CV haisomwi.

Hii ndio ngori hakuna mtu hukuambia siku ile unaenda kujiandikisha shule ya urubani pale Wilson. Na wewe unalipa mamilioni. Kuna mathe ameuza shamba ocha. Kuna fathe amechukua mkopo wa sacco na wadhamini watatu. Mimi niliacha college juu ya karo, so najua vile inauma familia ikimaliza ganji kwa karatasi na mlango haufunguki. Wacha tuangalie milango gani iko wazi na gani imefungwa, ndio ujue mapema.

Leseni inafuata bendera ya ndege

Anza na hii, ju wasee wengi huichanganya. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, rubani wa ndege ya kimataifa lazima awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ambayo ndege imesajiliwa. Ndege ya Luxembourg inataka leseni ya Ulaya, inaitwa EASA. Ndege ya Marekani inataka leseni ya FAA. Yako ya KCAA ni halali kabisa, lakini inakupa ruhusa ya kuendesha ndege zenye usajili wa 5Y, yaani zetu.

Kubadilisha inawezekana. Ulaya unakalia mitihani yote 13 ya nadharia, halafu unapimwa angani. Ni ngumu na ni ghali, lakini ni kitu unaweza kusoma ukapita.

Haki ya kuishi huko ni kitu kingine kabisa, na haina mtihani. Unaweza kumaliza karatasi zote 13 na bado ukakwama mlangoni ju ya pasipoti.

Na usidhani ni Waafrika tu wanakalishwa. Waingereza walikuwa wanaruka popote Ulaya kama nyumbani. Brexit ikakamilika, na kuanzia 1 Januari 2021 leseni za Uingereza zikaacha kutambuliwa Ulaya, na pasipoti yao ikapoteza haki ya kufanya kazi huko bila kibali. Marubani wenye uzoefu wa miaka wakajikuta kwa laini moja na wewe.

Marekani: unaweza kulala, huwezi kuajiriwa

FedEx iko Memphis, UPS iko Louisville. Hawa ndio wakubwa wa kargo duniani na mishahara yao ndio hufanya wasee waote ndoto mchana. Lakini wanataka mtu mwenye haki ya kufanya kazi Marekani. Kwa lugha rahisi, raia au mwenye Green Card. Sheria ya 1986 inamlazimu kila mwajiri akague karatasi za kila mtu anayemwajiri.

Cheki vile hii kitu inachekesha. Kenya Airways imekuwa ikiruka Nairobi hadi New York tangu Oktoba 2018. Rubani wa KQ anatua JFK na abiria zaidi ya 200 nyuma yake, anaenda hoteli, analala, kesho anarudi. Visa yake ya wahudumu wa ndege inamruhusu kukaa hadi siku 29. Uwezo wake hakuna mtu ana shida nao. Lakini huyo huyo akitaka kuajiriwa na kampuni ya Marekani kuendesha ndege ileile, anaambiwa alete Green Card.

Kuna njia gani basi? Visa ya H-1B kawaida haimshiki rubani, ju inataka kazi ambayo lazima uwe na digrii maalum, na urubani hauhesabiwi hivyo. Kuna ile inaitwa EB-2 NIW, ambayo unajiombea bila mwajiri, lakini lazima uonyeshe digrii ya juu ama uwezo usio wa kawaida, na uwashawishi kwamba nchi yao itafaidika na wewe. Msee ametoka shule juzi na masaa 250 hapo ni kujidanganya. Bahati nasibu ya Green Card sheria yake inaruhusu hadi visa 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na mambo yake hubadilika kila serikali mpya ikiingia. Hiyo haiwezi kuwa mpango wa maisha.

Ongeza kwamba FAA inataka masaa 1,500 kwa ile leseni ya juu kabla ukae kwa kiti cha shirika kubwa. So hata ukiwa na Green Card leo, bado una kazi mbele yako.

Ghuba: wanakuletea makazi, wanaweza kuyachukua

Huku ndio mlango uko wazi kwa pasipoti ya Kenya. Emirates na Qatar Airways huajiri marubani wa nchi nyingi sana, na kampuni yenyewe ndio hushughulikia visa na kibali cha kuishi. Ukiwa Emirates kwa Boeing 777, leo unabeba abiria, kesho unaendesha ile ya mizigo. Ukitaka kargo, hapo unaipata bila kuulizwa umezaliwa wapi. Wanachotaka ni masaa, aina ya ndege umeendesha na rekodi safi.

Lakini soma sehemu ndogo. Makazi yako yamefungwa na kazi yako. Kazi ikiisha, kibali kinaisha, keja inarudi kwa kampuni na watoto wanatolewa shule. Mwaka wa 2020 Covid ilipozima safari, Emirates iliachisha marubani wengi, na wengi wao hawakupoteza mshahara tu, walipoteza nchi ya kuishi. Rubani wa Memphis akifutwa anabaki na nyumba yake. Wewe unabaki na mabegi.

Na sisi pia tumefunga mlango wetu

Kabla tuanze kulia ubaguzi, tukubali Kenya inacheza mchezo huo huo. Mgeni akitaka kuruka na kampuni ya hapa, anahitaji kibali cha kazi cha Class D, na mwajiri lazima aonyeshe kwamba huo ujuzi haupatikani kwa Wakenya. Leseni yake pia lazima KCAA iidhinishe. Hiyo ukuta ndio inakulinda wewe. Bila hiyo, Wilson ingejaa watoto wa matajiri wa Ulaya wanaotafuta masaa ya bure, na wewe ungekuwa unaosha ndege.

So kila nchi inalinda kiti chake. Tofauti ni ukubwa wa viti. Sisi tuna ndege za mizigo chache za KQ, kuna Astral Aviation ambayo imekuwa kwa kargo tangu 2000, na kuna zile ndege ndogo za Wilson. Marekani wana mamia ya ndege za mizigo kwa kampuni moja tu. Ukuta ni ule ule, lakini ndani ya ukuta wao kuna chakula zaidi.

Ufanye nini?

Kwanza, uliza swali la makazi kabla ya kulipa karo. Kama mzazi wako ni raia wa nchi ya Ulaya, ama umeolewa huko, ama una Green Card kupitia familia, hesabu yako ni tofauti, na inaweza kuwa poa kusomea moja kwa moja leseni ya huko. Kama huna, usilipe mara mbili ya pesa kupata leseni ya EASA ukidhani itakuja na visa. Haitakuja.

Pili, jenga masaa pale mlango uko wazi. Wasee wengi unaowaheshimu kwa ndege kubwa walianza na Caravan kupeleka misaada Sudan Kusini, ama kubeba miraa kutoka Wilson hadi Somalia. Hiyo ni kargo pia. Usiku, vumbi, uwanja mfupi, hapo ndipo mikono inakomaa. Na usisahau majirani: itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki imekuwepo tangu 2010, na RwandAir ilipata ndege yake ya mizigo ya 737-800 mwaka wa 2022. Kigali ni karibu kuliko Leipzig.

Tatu, weka karatasi zako sawa kuanzia leo. Ulaya, kabla upewe kitambulisho cha kuingia ndani ya uwanja wa ndege, wanachunguza angalau miaka mitano ya nyuma: uliishi wapi, ulisoma wapi, ulifanya kazi wapi, na mwaka ule hukufanya kitu ulikuwa unafanya nini. Kila nchi uliyoishi inatakiwa iseme rekodi yako ni safi. Cheti cha tabia njema cha DCI ni rahisi kukipata. Kuelezea miezi minane ya kuhama keja hadi keja bila karatasi yoyote ndio noma. Weka barua, mikataba, hata risiti za kodi.

Nne, hepa ajenti. Mtu akikuambia anaweza kukupatia kazi kwa kampuni ya kargo majuu bila haki ya kufanya kazi huko, ukilipa laki kadhaa kwanza, huyo anauza hewa. Kampuni kubwa haziuzi viti.

Na kuna swali moja halikuhusu wewe peke yako. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi pale Berlin. Ujerumani ndio kuna Leipzig, kituo kikubwa cha DHL. Mkataba kama huo unaweza kulainisha upande wa visa, lakini haugeuzi leseni ya KCAA kuwa ya EASA, na hakuna mahali umesikia marubani wakitajwa kwa hizo sherehe. Serikali ilikaa chini na Ulaya ikapigania rozi mpaka ikapata. Siku itakaa chini kupigania leseni ya huyu msee wa Umoja, hapo ndio tutaamini inataka tuuze ujuzi.

Mpaka hiyo siku, usimwache mathe auze shamba kabla mjibu swali la kwanza kwa ile fomu.