Teja wa Mtaani, Mteja wa Kliniki

Sisi wanafunzi wa mofolojia twajua kwamba kiambishi kidogo chaweza kubadili hadhi ya neno zima. Mtaani Mikindani, mraibu wa heroini huitwa teja. Akiingia kliniki huongezewa kiambishi na heshima yake, akawa mteja. Akitoka langoni, kiambishi husalia ndani.

Kenya ilianza kutoa methadoni mwishoni mwa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Malindi ikafuata mwaka 2015, na Kisauni mwaka 2017. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto, lakini haimpi mtu nauli. Mkaazi wa Mikindani aliyetibiwa Kisauni wakati ule alivuka Makupa, akapita kisiwani, akavuka tena daraja la Nyali, kwenda na kurudi, siku ya Idi na ya Krismasi pia. Siku alipokosa nauli, maskani ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Nasi tukamwita mkaidi!

Kwa maoni yangu, kikwazo kikubwa ni ofisi zisizozungumza. Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti, ilhali idara ya watoto, ustawi wa jamii, usajili wa vitambulisho na NACADA zimesalia kwa serikali kuu. Mama mraibu ni mmoja, faili zake ni nne. Muuguzi ajua kipimo chake cha dawa, hajui kwamba mwenye nyumba amemfungia mlango. Afisa wa watoto ajua wanawe hawaendi shule, hajui kwamba mama yao ameanza tiba; huenda akawachukua wiki ile ile ambayo muuguzi anampongeza.

Yupo atakayesema kwamba siri ya mgonjwa haifai kupita mikono mingi. Hoja hiyo ina uzito, maana machoni pa mraibu kila ofisi ya serikali ni jirani ya kituo cha polisi. Basi na aulizwe mwenyewe, na akikataa asinyimwe dawa.

Mashirika kama Reachout na MEWA yamewafuata waraibu kwa miaka mingi. Hata hivyo, shirika hutegemea mfadhili, na mfadhili ana tarehe yake ya kuondoka. Ninachodai ni meza moja ya afisa wa ustawi wa jamii katika kila kliniki ya methadoni, karibu na dirisha la dawa, ili anayemaliza kunywa asihitaji nauli nyingine kuifikia.