Uchambuzi: Ua wa lantana Koboko na hatari iliyojificha ndani yake

Nchini Uingereza, mmea vamizi wa knotweed waweza kushusha thamani ya nyumba na kumkosesha mnunuzi mkopo wa benki. Wilayani Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hatari kubwa zaidi haimo ukutani bali kichakani.

Lantana, yenye asili ya Amerika ya kitropiki, ililetwa kuwa pambo na ua wa nyumba. Leo imezagaa sehemu nyingi za Uganda. Majani yake ni sumu kwa mifugo, na kivuli chake huwafaa mbung'o, waenezao malale.

Historia inatoa onyo. Huko Busoga, mashariki mwa nchi, mashamba ya pamba na kahawa yalitelekezwa katika miaka ya 1970. Lantana ikayafunika, mbung'o wakasogea karibu na makazi, na mlipuko wa malale ulioanza mwaka 1976 ukadumu zaidi ya muongo mmoja.

Ukanda wa Nile Magharibi, iliko Koboko, umesumbuliwa kwa miaka mingi na malale ya aina ya gambiense, inayoua polepole. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Uganda imeitokomeza aina hiyo kama tatizo la afya ya umma. Hata hivyo, mbung'o wangalipo kandokando ya mito.

Kwa hiyo, mwenye kiwanja hana budi kupima umbali wa kichaka kutoka mlangoni, zizini na kwenye njia ya kisimani. Kufyeka pekee hakutoshi: kisiki huchipua tena, na ndege hutawanya mbegu. Sharti mizizi ing'olewe, na jirani naye afanye vivyo hivyo.