Shtaka la Wimbo Wetu



Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya yetu aliingia ofisini kwangu na simu mkononi, uso umemwiva kwa hasira. "Bwana Karani, hebu tazama! Wimbo ni wetu, jina ni la mwingine." Kweli. Kijana mmoja wa mjini alikuwa ameuweka YouTube wimbo alioutunga mwalimu mwenyewe, sauti zikiwa za kwaya yetu, akatia jina lake na picha yake. Watu walikuwa wakimsifu.

Mwalimu akasema, "Andika shtaka. Tena andika kwamba na zile nyimbo zake mbili nyingine ni zetu, ziondolewe zote. Mwizi ni mwizi."

Nikamjibu, "Mwalimu, huu mmoja nitauandika. Hizo mbili, hapana."

Sababu ni hii. YouTube ni kampuni ya Marekani, nayo hufuata sheria ya nchi ile ya mwaka 1998. Mwenye kazi, au mtu aliyetumwa naye, hutoa jina lake na namna ya kumpata, hueleza kazi yake ni ipi na nakala iko wapi, huthibitisha kwamba asema kweli, kisha hutia sahihi. Shtaka likikamilika, nakala huondolewa upesi, hata kabla mshtakiwa hajasikilizwa. Naye hupata onyo. Maonyo matatu katika siku 90 yaweza kumfungia ukurasa wake wote. Mwaona jinsi neno moja la uongo liwezavyo kumwangusha mtu!

Lakini aliyeonewa hakufungwa mdomo. Aweza kuandika jibu la kupinga. Mshtaki asipofungua kesi, kazi hurudishwa baada ya siku za kazi 10, wala zisizidi 14. Na aliyeshtaki kwa uongo hali akijua, aweza kudaiwa fidia.

Mwaka 2007 mama mmoja wa Marekani, Stephanie Lenz, aliweka video ya sekunde 29 ya mtoto wake mdogo akicheza jikoni, na wimbo wa Prince ukisikika kwa mbali. Kampuni ya Universal ikataka iondolewe, ikaondolewa. Mama yule akapinga, video ikarudishwa, naye akaenda mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikaamua kwamba mwenye wimbo hana budi kufikiri kwanza kama matumizi yale yameruhusiwa na sheria, ndipo ashtaki.

Mwalimu alinyamaza kitambo. Kisha akafungua daftari la kwaya, tukaiona tarehe ya kurekodi wimbo ule. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukaandika ukweli mtupu. Mwisho YouTube huuliza: nakala iondolewe mara moja, au mwenzako apewe siku saba aiondoe mwenyewe, asipate onyo? Mwalimu alishika simu muda mrefu. "Mpe siku saba," akasema.

Siku ya nne wimbo ulikuwa umeondolewa. Zile nyimbo mbili zingali pale. Juzi nilimkuta mwalimu akisikiliza mojawapo. Akanitazama akacheka: "Kumbe kijana anajua kuimba!"