Nyuki Wahesabiwe, Si Mizinga Mitupu

Wahenga walipousia kwamba mtu afuate nyuki apate kula asali, hawakusema afuate mzinga. Hata hivyo, kwa miaka mingi kazi ya kuendeleza ufugaji wa nyuki vijijini imekuwa ikipimwa kwa mizinga. Kikundi kikipewa mizinga, idadi yake huandikwa katika taarifa ya kata, ikapanda wilayani, ikafika mkoani, na mara nyingi kila ngazi huipokea kana kwamba ni idadi ya makundi ya nyuki. Miezi hupita. Baadhi ya mizinga huingiwa na nyuki, mingine hubaki mitupu, mingine hugeuka makao ya siafu na nondo wa nta. Katika taarifa, yote huendelea kuitwa mizinga.

Hili si kosa dogo la uandishi wa takwimu. Tanzania inahesabiwa kuwa nchi ya pili barani Afrika kwa uzalishaji wa asali, nyuma ya Ethiopia, na makadirio ya Serikali yametaja mara kwa mara kwamba nchi ina uwezo wa kutoa tani 138,000 za asali kwa mwaka. Mavuno halisi yako mbali sana na kiasi hicho. Taifa lina Sera ya Ufugaji Nyuki tangu mwaka 1998, lina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na lina chuo cha fani hiyo kule Tabora. Kinachopungua mahali pengi ni habari ya kweli juu ya kinachoendelea ndani ya mzinga baada ya mzinga huo kutundikwa.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zinafaa kuwa mfano wa kulitazama jambo hili. Zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012, na wananchi wake hutegemea kilimo cha migomba, maharage na kahawa. Mgomba wa shambani huzaa ndizi bila msaada wa nyuki, na maharage kwa kawaida hujichavusha yenyewe. Lakini kahawa ya robusta, iliyo zao kuu la biashara katika wilaya hizo, ina tabia nyingine: ua lake haliwezi kutungwa kwa chavua ya mbuni huo huo. Chavua lazima itoke kwenye mbuni mwingine, ikiletwa na upepo au na wadudu, na miongoni mwa wadudu hao nyuki ana nafasi kubwa. Maua ya kahawa huchanua pamoja baada ya mvua, na kwa siku chache tu. Mkulima ambaye mizinga ya jirani yake ni mitupu katika siku hizo hukosa msaada ambao hauwezi kununuliwa dukani.

Aidha, nafasi ya kutundika mizinga mbali na watu inazidi kupungua. Mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi mwaka 2019, yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Hatua hiyo ina faida zake kwa wanyama na kwa vyanzo vya maji, lakini hifadhi ya taifa si mahali ambapo mwananchi huingia atakapo na mzinga begani. Mfugaji wa leo hana budi kutumia msitu wa kijiji, ukingo wa shamba na vilima vilivyo karibu na makazi. Huko kuna watoto wanaokwenda shule, kuna mbuzi waliofungwa kamba, kuna akina mama wanaopalilia. Nyuki wa Afrika Mashariki ni mkali anapochokozwa, na kundi moja lililofunguliwa vibaya laweza kuleta msiba.

Hapo ndipo ugumu wa ukaguzi unapoonekana. Ili kujua hali ya mzinga, mtaalamu hulazimika kuufungua. Kuufungua kunataka mavazi ya kinga, bomba la moshi, msaidizi na muda. Tena nyuki wa nchi hizi wana desturi ya kuhama. Wakisumbuliwa mara kwa mara, au chakula kikiadimika, huondoka wote wakaacha masega. Kwa hiyo ofisa nyuki aliye mmoja, mwenye vijiji vingi na pikipiki yenye mafuta ya kuhesabu, hukagua mizinga michache na mingine huikadiria. Si haki kumlaumu. Yafaa apewe njia ya kutazama bila kufungua.

Njia hiyo ipo, nayo ni kamera inayoona joto. Msingi wake haupaswi kuwa fumbo kwa watumishi wa umma. Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, watu wengi walielekezewa kwenye paji la uso kifaa kilichosoma joto la mwili bila kugusa ngozi. Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Mwanaastronomia William Herschel aliitambua miale hiyo huko Uingereza mwaka 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliogawanywa na kioo, akaona joto likipanda mahali ambapo jicho halikuona kitu. Kile kifaa cha paji la uso hupima mahali pamoja tu. Kamera ya joto hupima maelfu ya mahali kwa mara moja, kisha hugeuza vipimo hivyo kuwa picha ya rangi.

Nyuki ni viumbe wanaofaa sana kutazamwa hivyo. Kundi lenye malkia anayetaga na majana yanayokua hulinda kiota chake kwenye joto la karibu nyuzi 35 za Sentigredi, mchana na usiku. Nje kukiwa na baridi, nyuki hutetemesha misuli ya mbawa ili kuzalisha joto. Kukiwa na joto kali, huleta maji na kupepea. Wafugaji wa Ulaya na Marekani Kaskazini hutumia kamera hizi hasa wakati wa baridi kali, kipindi ambacho kufungua mzinga ni kuua kundi. Karagwe na Kyerwa hazina theluji, lakini zina miinuko ambayo sehemu zake hupita meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri, hewa ya huko ikiwa imeshuka kufikia nyuzi 15 hivi, tofauti kati ya hewa na kiota hufika nyuzi 20. Mtu akisimama hatua kadhaa kutoka kwenye mzinga wa mbao nyembamba ataona doa la joto pale kundi lilipokaa. Mzinga mtupu utakuwa na ubaridi ule ule wa mti uliouning'iniza.

Hata hivyo, kifaa hiki kina mipaka, na anayekisifu bila kuitaja mipaka hiyo anawapotosha wananchi. Kamera haioni ndani ya ubao. Huona joto lililokwisha kufika kwenye uso wa ubao. Mzinga wa gogo nene huficha joto lake, na huenda ukaonyesha dalili mlangoni tu au kwenye vifuniko vyake. Jua likishachomoza, mbao hupata joto la jua na picha huwa haina maana. Bati linalong'aa hurudisha miale ya vitu vingine, nayo kamera ikadanganyika. Asali haitoi joto la kwake, kwa hiyo kiasi cha mavuno kitaendelea kupimwa kwa mizani. Maradhi hayatajwi na picha. Na panya aliyezaa ndani ya mzinga naye ana joto, kama walivyo nalo viwavi wa nondo wa nta wanapojikusanya. Doa la joto ni sababu ya kutega sikio ubavuni mwa mzinga na kutazama kama nyuki wanaingia na chavua miguuni. Ujuzi wa wazee warina asali hauondolewi na kamera. Hupunguziwa mizinga ya kuhangaikia.

Wapo watakaosema kwamba hiki ni kifaa cha anasa kwa nchi yenye mahitaji mengi. Hoja yao ingekuwa na uzito kama ingependekezwa kila kikundi kiwe na chake. Kamera ndogo ya kupachikwa kwenye simu huuzwa kwa mamia kadhaa ya dola za Kimarekani, na hiyo si fedha ya kuchezea. Lakini kamera moja au mbili kwa wilaya, zikizunguka kijiji hadi kijiji, zinatosha kuanzia. Vikundi vingi vya wanawake na vijana huanzisha miradi kwa mikopo isiyo na riba, itokayo katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa utaratibu uliowekwa kisheria mwaka 2018. Mkopo wa mizinga hulipwa kwa asali. Mzinga mtupu haulipi deni, na kikundi kinachogundua utupu huo baada ya misimu miwili kimekwisha kupata hasara.

Wapo pia watakaokipenda kifaa kupita kiasi, wakakifungia kabatini kwa kisingizio cha kukitunza, kikawa kinatolewa siku ya maonyesho. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na onyo hilo linavihusu vifaa pia. Kamera itakuwa na faida ikiwa itafika kijijini alfajiri, mikononi mwa ofisa nyuki akiandamana na wanakikundi wenyewe, mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika. Matokeo yaandikwe katika daftari la kijiji, mzinga kwa mzinga: wenye kundi lenye nguvu, wenye kundi dhaifu, na mtupu. Kisha daftari lisomwe katika mkutano wa kijiji.

Kila mzinga mtupu utafutiwe sababu. Pengine haukupakwa nta ya kuwavutia nyuki. Pengine uko juani mchana kutwa au mbali na maji. Pengine waya wake haukupakwa grisi, siafu wakapanda. Haya yote hurekebishwa kwa gharama ndogo, mradi yajulikane mapema.

Walimu nao wana nafasi yao. Nyuki hupenda kujificha katika dari na kuta za madarasa, na mara nyingi huondolewa kwa moto, kwa hatari ya jengo na ya watoto. Kamera hiyo hiyo huweza kuonyesha kundi lilipo, ili mtaalamu alihamishie mzingani. Somo la joto katika fizikia lingepata hapo mfano usiosahaulika.

Lililo gumu zaidi halihusu kamera. Hesabu ya kweli itakapoanza, idadi zitashuka. Kijiji kilichoandikiwa mizinga 100 huenda kikaonekana kina makundi 40. Ofisa atakayepeleka idadi hiyo ndogo anastahili kulindwa, na kiongozi atakayeipokea anapaswa kuuliza jinsi ya kuyafikisha makundi hayo 60, wala asiulize nani amepoteza mizinga. Watumishi wakiadhibiwa kwa kusema kweli, hakuna kifaa kitakachosaidia. Kamera itaona utupu na kalamu itaandika nyuki. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinaweza kuanza sasa, hata kabla ya kununua chochote, kwa kuongeza safu moja katika fomu za taarifa: mizinga yenye nyuki.