Mkeshaji Si Pepo

Wapo wanaotaka neno "daemon", yaani programu ifanyayo kazi kimyakimya ndani ya seva za Unix bila kuamrishwa kila mara, litafsiriwe "pepo". Napinga. Waliolianza huko MIT mwaka 1963 hawakuwaza mashetani. Waliazima kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, achambuaye molekuli bila kuchoka. Pepo wetu hupanda kichwani, hudai ngoma na ubani. Huyu hadai kitu.

Hapa Karatu mfano wake tunao: mlinzi wa usiku. Haketi sebuleni, hasemi, ila kukicha nyumba i salama. Basi na aitwe mkeshaji.

Tena mkeshaji ana mipaka. Lango la Ngorongoro lina saa ya kufungwa. Naye, katika Linux nyingi, huanza na ruhusa ya kufungua mafaili na miunganisho 1024 kwa pamoja. Akisahau kuifunga, siku moja atakataa wageni wapya ilhali yu hai. Hiyo ni kasoro ya kazi, yarekebishika. Mwite pepo, na kijana anayejifunza atadhani mambo haya ni ya waganga, wala hatafungua daftari la matukio la seva. Jina baya huficha ugonjwa.