Maswali ya kazi yawe yaleyale

Kaunti ya Migori au ya Homa Bay ikitangaza nafasi za kazi, swali la kwanza mtaani huwa ni nani anamjua nani kwenye bodi. Anayekosa hurudi nyumbani akiamini kiti kilikuwa na mwenyewe. Huenda anakosea, lakini bodi isiyoweza kumwonyesha alama zake haitamshawishi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka bodi za utumishi wa umma zizingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa wasiotoka jamii iliyo na watu wengi zaidi. Migori, wanakoishi Waluo, Wakuria na Wasuba, hilo si pambo. Ila sheria inasema tu nani asiachwe nje. Namna ya kumtambua anayeiweza kazi ni shughuli ya saikolojia ya kazi.

Wengi wetu tukisikia mwanasaikolojia tunafikiria unasihi baada ya msiba. Huyu wa kazini huanza kwa kuichunguza kazi yenyewe. Mkusanya ushuru katika soko la Oyugis hufanya nini kutwa? Hukwama wapi? Aliye hodari anamzidi mwenzake kwa nini hasa? Hapo ndipo maswali hutungwa. Kila mwombaji huulizwa yaleyale, na kila mwanajopo huandika alama kabla ya kusikia mwenyekiti amependa nani. Kwa mfano: muuza omena amegoma kulipa kwa sababu choo cha soko kimefungwa, utafanyaje? Jibu lake litafichua mengi kuliko lile swali letu tulipendalo, "Hebu tueleze wewe ni nani", ambalo kila mtu keshalikariri jibu.

Mwaka 2022 mwanasaikolojia wa kazi Paul Sackett na wenzake walipitia upya utafiti wa miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Mahojiano ya mpangilio huu wa maswali yaleyale ndiyo yaliyoongoza kwa kubashiri nani atafanya kazi vizuri. Miaka ya uzoefu, ile tunayoijaza kwenye wasifu kwa fahari, ilibaki nyuma sana.

Wapo watakaosema maswali yatavuja. Yanaweza kuvuja, naam, kama mitihani. Ndiyo sababu karatasi za alama zihifadhiwe, na mwombaji apewe zake akiziomba. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa njia ya kuziomba. Gharama nayo si kisingizio. Hatudai idara mpya wala gari jipya la idara. Mtaalamu wa mkataba wa muda mfupi anatosha kuanza, na vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya viko hapahapa, viulizwe vinaweza kusaidia nini.

Bodi zote mbili zianze na wakusanya ushuru na walimu wa chekechea, katika tangazo lijalo la ajira. Vigezo na uzito wa kila kigezo vichapishwe pamoja na tangazo hilo, kabla barua ya kwanza ya maombi haijapokelewa.