Hansen: mwana wa Hans na ugonjwa uliobeba jina lake

Ukoma una jina la pili. Madaktari huuita pia ugonjwa wa Hansen, na mzazi anayekutana na jina hilo kwenye karatasi ya hospitali anaweza kudhani ni la dawa, au la mji fulani wa Ulaya. Ni jina la ukoo, na maana yake ni rahisi kuliko linavyosikika: mwana wa Hans. Hans lenyewe ni ufupisho wa Johannes, yaani Yohana.

Huko Norway na Denmark, kwa karne nyingi watu wa kawaida hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto alibeba jina lake na la baba, basi. Ole akimzaa Hans, huyo ni Hans Olsen. Hans akimpata Peder, mtoto ni Peder Hansen, na jina la Ole limeishia hapo. Binti hakuitwa Hansen bali Hansdatter, na hata akiolewa aliendelea kuwa binti wa baba yake. Baba, mama, kaka na dada waliweza kulala nyumba moja kila mmoja na jina lake la mwisho. Kwa msomaji aliyezoea Juma Hamisi kumzaa Ali Juma, hilo si geni sana.

Tabu ilikuwa ya makarani. Akina Hans Olsen walikuwa wengi mno. Wanorway wa vijijini waliongeza jina la shamba walikoishi, lakini mtu akihamia shamba jingine, jina nalo lilibadilika. Serikali zilitaka jina lisilohamahama. Denmark ilianza kubana mwaka 1828 kwa agizo la ubatizo, ikakaza tena mwaka 1856. Norway ilikuja na sheria yake mwaka 1923, ingawa familia nyingi za mjini zilikuwa zimeshatulia na jina moja. Aliyekuwa Hansen wakati huo akawaachia Hansen wajukuu wote, hata kama baba yao aliitwa Karl. Wasichana nao wakawa "mwana wa kiume wa Hans" bila kuulizwa. Ndiyo maana Hansen ni kati ya majina yanayobebwa na watu wengi zaidi katika nchi hizo mbili, na wengi wao si ndugu kabisa.

Majina hayo yalivuka bahari pia. Tarehe 4 Julai 1825 jahazi dogo liitwalo Restauration liliondoka Stavanger kuelekea New York likiwa na watu 52. Walifika wakiwa 53, kwa sababu mtoto wa kike alizaliwa njiani. Baba yake aliitwa Lars Larsen. Nyumbani mtoto angekuwa Larsdatter. Marekani akawa Larson. Katika miaka 100 iliyofuata, takriban Wanorway 800,000 walihamia Amerika Kaskazini. Hansen wengine wakawa Hanson, Nielsen wakawa Nelson. Mara nyingi wahamiaji wenyewe ndio waliobadilisha, ili majirani, walimu na waajiri waweze kuwatamka.

Katika mizigo hiyo ya wahamiaji kulikuwa na ukoma. Norway ya karne ya 19 ilikuwa na wagonjwa wengi, hasa pwani ya magharibi, na mwaka 1856 ilianzisha daftari la kitaifa la wagonjwa wote. Madaktari wakubwa wa Bergen waliamini ugonjwa huo unarithiwa. Mtu akiugua, ukoo mzima ulitazamwa kwa jicho la pembeni: nani atakubali kuoa huko?

Daktari kijana wa Bergen, Gerhard Armauer Hansen, hakuridhika. Mwaka 1873 aliona kwa darubini vijiti vidogo ndani ya tishu za mgonjwa, akadai hao ndio vimelea wa ukoma. Miaka ya mwisho ya 1880 alisafiri hadi Marekani kuwatafuta wahamiaji waliofika na ugonjwa, na watoto na wajukuu wao. Hakumkuta hata mmoja wa uzao wao aliyeugua. Kama ukoma ungekuwa wa damu, ungewafuata huko.

Sifa hizo zisifiche jambo jingine. Mwaka 1879, akitaka kuthibitisha kuwa vimelea vinaambukiza, Hansen alimchoma jichoni mwanamke aliyelazwa kwa ukoma kwa kifaa chenye majimaji ya mgonjwa mwingine. Hakumwomba ruhusa. Mwanamke huyo, Kari Nielsdatter, binti wa Niels, alipata maumivu, na kesi ikafika mahakamani. Mwaka 1880 Hansen alivuliwa kazi yake ya udaktari wa hospitali, ingawa alibaki mganga mkuu wa ukoma nchini. Jina la daktari linajulikana dunia nzima, la Kari halitajwi sana. Lingestahili kutajwa kila mzazi anapopewa fomu ya ridhaa asaini kabla mtoto hajatibiwa.

Waliolisukuma jina la Hansen badala ya ukoma walikuwa wagonjwa wenyewe. Katika hospitali ya Carville, Louisiana, mgonjwa aliyejiita Stanley Stein alilipigania kupitia gazeti lao, The Star. Stein halikuwa jina lake la kuzaliwa. Kama wengi wa Carville, aliliacha la ukoo wake alipolazwa, ili ndugu zake wasiaibike.

Leo ukoma unatibika. Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka la ngozi lililofifia au lenye wekundu, ambalo mtoto hasikii akiguswa. Haliumi wala haliwashi, na hapo ndipo wengi huchelewa. Ugonjwa hauambukizwi kwa kupeana mkono wala kula sahani moja mara moja. Huhitaji kukaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa ambaye hajatibiwa. Dawa zimetolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1995, na humezwa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Mtoto mwenye baka kama hilo apelekwe kituo cha afya, na waliokaa naye nyumbani wapimwe pia, wawe na jina moja la ukoo au la.